Kichwa Kikikuwanga: Ya Kufanya Nyumbani na Wakati wa Kukimbilia Hospitali

"Nipe mbili za kichwa."

Maneno hayo nayasikia zaidi ya salamu. Nauza dawa Majengo, Mombasa, na mwezi wa Februari, jua likiwa limekaa juu ya mabati na upepo wa kaskazi umelegea, hayakatiki tangu nafungua duka mpaka adhuhuri. Mteja aweka sarafu juu ya kioo, namkatia vidonge viwili kwa mkasi, ashakwenda zake. Hakuniambia kichwa ni cha nani, kimeanza lini, wala chauma upande gani. Na kile kipande nilichomkatia hakina jina la dawa wala tarehe ya kuisha muda, kwa hiyo akifika nyumbani hata yeye hajui amemeza nini.

Lau angenipa dakika kumi, ningemwambia haya, na kwa mpangilio huu huu.

Hatua ya 1: Hakikisha si kichwa cha kukimbilia hospitali

Wengi wangeanza na maji na mapumziko. Mimi naanza na hatari kwa sababu nawajua watu wangu: mtu akishaliona jina la dawa, hasomi tena.

Vichwa vingi havina ugonjwa mkubwa nyuma yake. Vyauma, vyakera, vyapita. Lakini ukiona moja katika haya, usimeze kidonge ukalala ukisema utaangalia asubuhi. Toka uende, hata kama ni saa nane za usiku.

- Kichwa kimekuja ghafla na ndani ya dakika moja tu kimekuwa kikali kupita vyote ulivyowahi kuumwa, kama mtu amekupiga rungu kisogoni. Huenda mshipa umevuja damu ndani. Hata kikitulia baadaye, nenda.
- Mdomo umekwenda upande, mkono mmoja hauinuki, maneno yanapindana, au mtu hajui alipo. Hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme sicho. Tazama saa uiandike, kwa sababu iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, nayo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zilipoanza. Usimpe aspirini nyumbani. Bila picha ya CT hakuna awezaye kujua kama mshipa umeziba au umepasuka, na ukiwa umepasuka aspirini itazidisha kuvuja.
- Homa pamoja na shingo ngumu. Mwambie ainamishe kidevu kiguse kifua. Akishindwa, au mwanga ukimchoma macho, au ngozi ikiwa na madoa yasiyofifia ukiyabonyeza, shuku homa ya uti wa mgongo. Mtoto mchanga hatakwambia shingo yauma: utaona utosi umevimba, hataki ziwa, na kilio hakinyamaziki.
- Kichwa baada ya kuanguka na boda au kugongwa, hasa ikiwa mtu anatapika, analala usingizi usio wake, mboni moja imekuwa kubwa kuliko nyingine, au maji meupe na damu vyatoka puani au masikioni. Mzee atumiaye dawa za kuzuia damu kuganda asingoje dalili hizo. Kwa wazee damu yaweza kuvuja polepole, mambo yakaonekana wiki kadhaa baada ya kujigonga.
- Mjamzito aliyepita wiki 20, au mzazi ambaye hajatimiza wiki 6: kichwa kikali, nyota machoni, maumivu chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba. Hizo ni dalili za presha ya mimba, na mbele yake kuna kifafa cha mimba.
- Kichwa kilichofuatwa na kifafa kwa mara ya kwanza, au kuzimia.
- Jicho moja jekundu lenye maumivu makali, na ukitazama taa waona pete za rangi. Hiyo ni presha ya jicho, na jicho laweza kupotea kwa siku moja.

Kuna moja sijaitia kwenye orodha kwa sababu yenyewe yataka uwe mwepesi kuliko kufikiri. Masika ikishika, mvua haikati, watu huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Ikiwa nyote mliomo ndani mwaumwa kichwa kwa wakati mmoja, mwahisi kizunguzungu na kichefuchefu, si malaria ya familia nzima. Ni moshi usioonekana wala kunuka. Tokeni nje kwanza, wote, na aliyelala usingizi abebwe. Maneno mengine baadaye. Jenereta iliyowashwa karibu na dirisha hufanya vilevile.

Kwenda wapi? Penye kasualti iliyo karibu zaidi. Kisiwani hospitali kubwa ya serikali ni Coast General. Aliye Likoni asikae na mgonjwa kwenye foleni ya feri akilenga kisiwani: aanze hospitali ya Likoni, wao wampeleke mbele ikibidi. Nambari za dharura ni 999 na 112, na ambulensi ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Ikichelewa, tuktuk yatosha. Boda haifai kwa mtu asiyeweza kujishika.

Hatua ya 2: Kiulize kichwa chenyewe

Lugha yetu ni tajiri hapa, na hatuutumii utajiri huo. Kichwa huuma, huwanga, hugonga, hubana, huwa kizito. Mteja akinambia "chanigonga upande huu", nishapata pa kuanzia. Akinambia "chauma tu", nabaki gizani.

Kikibana pande zote mbili kama kilemba kilichokazwa mno, na bado waweza kufanya kazi zako ukinung'unika, hicho ni kichwa cha mkazo. Ndicho kilicho cha kawaida kuliko vyote. Fundi wa cherehani aliyeinama kutwa, kijana aliyelala saa tisa za usiku akitazama simu, mama aliye na karo ya shule kichwani: wote hao ni wateja wake.

Kikigonga upande mmoja, ukipanda ngazi chazidi, roho yachafuka, taa na kelele hutaki hata kuzisikia zikitajwa, hicho ni kipandauso. Hukaa kuanzia saa nne hadi siku tatu. Wanawake hukipata zaidi ya wanaume, mara nyingi siku za hedhi zikikaribia. Wengine kabla ya maumivu huona vimulimuli, au mistari iliyovunjikavunjika kama meno ya msumeno, kwa muda usiozidi saa moja. Ukiwa wewe ni wa kuona mistari hiyo, liweke akilini, nitalirudia.

Kipandauso husemwa mengi hapa Mombasa: jicho la mtu, pepo, upepo mbaya. Sina ugomvi na kombe, yaani aya zinazoandikwa kisha zikaoshwa kwa maji ya kunywa. Anayetaka kunywa kombe la zafarani anywe, halizuii kidonge kufanya kazi. Ninachokataa ni wembe. Chale za kipaji na chuku za kisogoni zinazopigwa kwa wembe uliopita kwa mtu mwingine huleta virusi vya homa ya ini na HIV, na kichwa hukikuta pale pale.

Kipo na cha tatu, adimu, cha jicho moja: maumivu makali kama msumari wa moto, jicho latoa machozi, pua ya upande huo yaziba, na mgonjwa hawezi kutulia, aenda na kurudi chumbani. Hukaa dakika 15 hadi saa tatu, chaondoka, kesho chaja saa ile ile. Paracetamol haikiwezi. Huyo aende kwa daktari, kwani hospitali wana njia za kukituliza, ikiwemo hewa ya oksijeni.

Hatua ya 3: Kabla ya kidonge

Jiulize mara ya mwisho umekunywa maji lini. Si chai, maji. Msukuma mkokoteni Marikiti hutoka jasho saa sita mfululizo na alichokunywa ni kikombe cha chai ya alfajiri. Angalia mkojo: ukiwa na rangi ya chai ya rangi, jibu lako umelipata. Kunywa vikombe viwili vya maji polepole, kisha kimoja kila baada ya muda. Aliyetapika au kutokwa jasho jingi afadhali maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS. Dafu nalo ni zuri, bora asiwe mgonjwa wa figo.

Pili, chakula. Kuna vichwa ambavyo mahamri mawili na mbaazi huviponya kuliko dawa yangu.

Tatu, kilichokuzunguka. Huyu wa kipandauso harufu humchokoza: marashi, moshi wa jikoni, na udi. Najua nyumba zetu haziishi udi siku ya Ijumaa. Mwanamke mmoja wa Kibokoni alikuwa akiumwa kila Ijumaa jioni mpaka jirani wakamwekea jina la Ijumaa. Alipohamisha chetezo kutoka chumbani kwenda ukumbini, nusu ya Ijumaa zake zikapona.

Kisha lala penye giza na feni. Kitambaa cha maji baridi kipajini. Kufunga kichwa kwa leso, kama wafanyavyo bibi zetu, kwasaidia wengi, kwa hiyo usicheke. Kuchuliwa shingo na mabega kwafaa zaidi kwa kichwa cha mkazo. Mafuta ya mnanaa ukipaka kipajini na pembeni mwa uso hutuliza pia, ila mbali na macho na kamwe si kwa mtoto mchanga.

Hatua ya 4: Kidonge

Mtu mzima mwenye afya aanze na paracetamol, ile iliyomo ndani ya Panadol: vidonge viwili vya miligramu 500, arudie baada ya saa sita ikibidi. Visizidi vinane kwa saa 24. Mwenye maradhi ya ini, mlevi, au mtu mwembamba wa chini ya kilo 50 atumie pungufu ya hapo, aulize kwanza. Kipandauso yataka ukiwahi. Ukingoja mpaka umeanza kutapika, tumbo nalo limesita na kidonge chakaa tu humo.

Ibuprofen ya miligramu 400 ni nzuri kwa kipandauso, baada ya kula, isizidi mara tatu kwa siku. Asiitumie mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au ya moyo, mwenye pumu inayochokozwa na dawa hizi, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, wala mjamzito. Aspirini asipewe aliye chini ya miaka 16.

Mtoto hupimwa kwa kilo, si kwa macho: miligramu 10 hadi 15 za paracetamol kwa kila kilo moja, si zaidi ya mara nne kwa siku. Tumia kikombe kilichokuja na chupa. Kijiko cha chai cha nyumba hii si kijiko cha nyumba ile.

Na geuza pakiti usome nyuma. Dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani. Mtu ameza Panadol mbili, dawa ya mafua mbili, jioni aongeza nyingine ya jina tofauti, na zote ni kitu kimoja. Ini halijui majina ya pakiti.

Kichwa chenye homa kina kanuni yake. Huku pwani malaria ipo, kwa hiyo pima kidole kabla ya kununua dawa ya malaria; jibu latoka kwa dakika 15 au 20. Ikiwa malaria haimo na macho yauma kwa nyuma, viungo na mifupa vyauma, fikiria homa ya dengi. Ilituzuru Mombasa 2013, ikarudi 2017 na 2021, na mbu wake huuma mchana na kuzaana kwenye maji safi. Nasi maji ya bomba yakikatika tunajaza mapipa na madumu wiki nzima. Funika mapipa. Kwa dengi tumia paracetamol peke yake: ibuprofen, aspirini na diclofenac huongeza hatari ya kutoka damu. Na usidanganyike homa ikishuka, kwa sababu siku hizo ndizo za kuangaliwa. Tumbo likiuma sana, ukitapika mfululizo au ufizi ukitoa damu, hospitali.

Hatua ya 5: Hesabu siku, usihesabu vidonge tu

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole.

Kuna mama mmoja auza viazi karai jioni, amesimama juu ya mafuta ya moto na moshi. Alikuwa akija kwangu mara tatu kwa wiki. "Mwanangu, nipe zile zangu." Hakuwahi kuzidisha vidonge vinne kwa siku, kwa hiyo sikushtuka. Siku moja akaja asubuhi, na kesho yake asubuhi, nikamuuliza, "Mama, jana si ulichukua?" Akasema, "Nikiamka hivi kichwa kishanisubiri. Nikimeza ndipo nawasha jiko."

Nikampa kalenda ya ukutani na kalamu. Kila siku uliyomeza, tia alama ya mkasi, sitaki kitu kingine. Mwezi ulipokwisha alinirudishia: alama 22. Alizitazama kama deni la mtu mwingine.

Dawa za kichwa zikitumiwa siku nyingi mno huleta kichwa zenyewe. Kwa paracetamol au ibuprofen pekee mpaka ni siku 15 kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu. Kwa zile zilizochanganywa na kafeini au kodeini ni siku 10 tu. Dalili yake ndiyo ile ya mama: waamka nacho, wameza, chatulia, charudi. Kanuni yangu ya dukani ni siku mbili kwa wiki. Ukihitaji ya tatu kila wiki, tatizo limepita kaunta yangu.

Tiba ni kuziacha, na huko kuacha si mchezo. Siku za mwanzo kichwa huzidi. Afadhali daktari awepo, akupe dawa ya kinga inayomezwa kila siku ili kichwa kisije, kama propranolol au amitriptyline. Hizo si za kununua kwa kukisia. Mama alisimamisha biashara kwa wiki moja, akalala chumba cha nyuma na leso kichwani, akinitumia mjukuu kuniuliza kama nimemdanganya. Mwezi uliofuata alama zilikuwa sita.

Mimi nami nilikuwa nikimuuzia. Hilo sijalisahau.

Hatua ya 6: Kahawa, muguka na Ramadhani

Muuza kahawa akipita na dele lake akigonganisha vikombe, wapo ambao miili yao hujibu kabla ya masikio. Aliyezoea kahawa chungu kila siku akiikosa, kichwa huanza baada ya saa 12 hadi 24, na chaweza kukaa wiki. Ndicho kichwa cha Ramadhani ya mwanzo, wala si swaumu iliyokukataa. Wiki mbili kabla ya mwezi, punguza kikombe kimoja kila siku chache. Usiku kunywa maji kidogo kidogo tangu futari mpaka daku, usiyangoje yote saa kumi. Mwenye kipandauso kikali au atumiaye dawa za kila siku azungumze na daktari mapema kuhusu saa za kumeza.

Muguka, yale majani ya kutafuna, sina mengi ya kusema: haukupi usingizi, hukunyima hamu ya chakula, na asubuhi waja kwangu.

Hatua ya 7: Kichwa cha kumwona daktari, bila kukimbia

Panga siku wiki hii au ijayo ikiwa:

umepita miaka 50 na kichwa hiki ni kigeni kwako (na ikiwa pembeni mwa uso pauma ukigusa, au taya lachoka ukitafuna, nenda leo, kwani jicho liko hatarini). Kichwa ulichokizoea kimebadilika. Chakuamsha usiku, au chazidi ukilala, ukikohoa, ukijikamua chooni. Unakonda bila sababu. Una HIV, hasa kama dawa ulizikatiza, au umewahi kutibiwa saratani. Mgonjwa ni mtoto mdogo na kichwa charudi rudi. Mtoto mwenye selimundu akiumwa kichwa kikali usipange siku, mpeleke siku hiyo hiyo.

Sasa yule wa mistari ya msumeno. Ikiwa watumia vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni, mwambie aliyekuandikia kwamba waona mistari hiyo kabla ya kichwa. Viwili hivyo pamoja huongeza hatari ya kiharusi, na njia nyingine za kupanga uzazi zipo.

Presha je? Kila aumwaye kichwa huniambia presha imepanda. Mara nyingi sivyo: presha hukaa kimya miaka, na huumiza kichwa ikishakuwa juu kabisa, kama 180 kwa 120. Kwa hiyo pima hata siku usiyoumwa. Ukipata namba hizo pamoja na kichwa, kifua kuuma au macho kufifia, rudi hatua ya 1.

Siku ya daktari chukua kitambulisho kwa ajili ya SHA (bima ya afya ya serikali), kalenda yako yenye alama, na pakiti zote ulizomeza mwezi huo, hata tupu, hata za mafua. Andika siku ya hedhi ya mwisho kama inakuhusu. Na vile vipande vilivyokatwa kwa mkasi visivyo na jina, vitie kwenye mfuko huo huo. Ukipita kwangu njiani nitakuandikia ni vya nini, kama nilivikata mimi.